Shokapu mbili na baba mkwe nyuma ya ua

Kwa miaka miwili nimekuwa nikiendesha gari kioo cha ndani kikiwa kimetazama dari. Hakijaharibika. Nilikuwa nakigeuza mwenyewe, kwa mkono wangu, kila Alhamisi ya kliniki kabla baba mkwe hajatoka kwake kuja kupanda kiti cha nyuma.

Najua kuna msomaji wa mjini ameshatikisa kichwa. Ngoja nieleze. Nimeolewa katika ukoo ambao bado unashika mila ya mkwe kumwogopa baba mkwe. Kwa Wanyakyusa, na kwa ndugu zao Wandali wa huku Ileje, mwanamke aliyeolewa hakutani uso kwa uso na baba wa mume wake. Hamtazami, hamsemeshi, jina lake halitaji. Akimwona anakuja njiani, anaingia kando kwenye mahindi mpaka mzee apite. Siku hizi familia nyingi zimelegeza, na wapo wakwe wanaokaa sebule moja na baba mkwe wakiangalia taarifa ya habari. Sisi bado. Mume wangu alishaniambia zamani, ukitaka tuache, tuache. Sikutaka. Nilifika Ibaba nikiwa mwalimu mgeni wa miaka 26, nisiyejua lugha wala baridi ya huku, na ule mpaka kati yangu na mzee ulinipa amani. Mama mkwe alikuwa anakagua mpaka ukubwa wa vipande vya viazi. Mzee hakuwahi kunikagua chochote.

Shida ilianza mzee alipogundulika ana kisukari na kupangiwa kliniki hospitali ya wilaya, Itumba. Mume wangu ni dereva wa malori yanayovuka Tunduma kwenda Zambia na Kongo. Akiondoka, anaweza kukaa wiki tano. Nyumbani mwenye leseni ni mimi peke yangu, na gari letu ni Toyota Corolla 110 ambayo ilianza kutembea duniani kabla mimi sijaanza kufundisha. Basi ikabidi mila na gari vipatane. Mzee anakaa nyuma kushoto, mama mkwe anakaa mbele na mimi, kioo kinatazama dari. Mzee akitaka kusema jambo, anamwambia mkewe, na mkewe ananirudishia maneno ambayo nimeshayasikia kwa masikio yangu.

“Mzee anasema upunguze mwendo kwenye hiyo kona.”

“Mwambie nimepunguza, mama.”

“Anasema amepunguza.”

“Nimesikia,” anajibu mzee.

Tumesafiri hivyo miaka miwili na tulikuwa tumezoea. Kilichotuvurugia ni gari lenyewe.

Barabara ya kushuka kutoka huku juu si ya kusimulia mtu mwenye haraka. Ibaba iko milimani, na mvua zinapoanza Novemba udongo unageuka sabuni. Maji yanachimba mifereji katikati ya njia, mawe yanabaki yamechomoza kama meno. Chini kule, kutoka Isongole hadi Mpemba, kuna lami ya takriban kilomita 50 na mtu unateleza mpaka Tunduma bila kuhisi kitu. Lakini kwanza uifikie. Kufikia Februari mwaka huu, gari lilikuwa linaongea. Kila jiwe, mlio wa gong’o upande wa kushoto mbele. Nikikanyaga breki, pua inainama kama ng’ombe anayekunywa maji. Likivuka shimo halitulii. Linaendelea kudunda mara tatu, nne. Tairi la kushoto likaanza kuliwa mabaka mabaka.

Mzee hakulalamika. Ila nilianza kusikia pumzi yake kila tulipogonga shimo, kile kisauti kidogo cha mtu mwenye mgongo mbovu anayejizuia. Mwezi wa Machi, tukiwa tunarudi, alimwambia mama mkwe, “Mwezi ujao siendi. Dawa nitaletewa.” Mama mkwe hakunirudishia hilo. Alitazama nje ya dirisha.

Mtu wa kisukari akianza kusema dawa nitaletewa, mnajua wenyewe mwisho wake.

Sasa kabla hujaniuliza kwa nini sikulipeleka gari gereji, nililipeleka. Mwaka jana, mji mmoja huko barabara kuu, fundi mmoja alitubadilishia shokapu zote mbili za mbele kwa spea za mtumba. Nilisimama pale nikitazama. Hakuwa na kibanio cha springi. Aliikunja springi kwa kuikandamiza na jeki, akaifunga na waya wa kuzungusha mara nyingi, akafungua nati huku kijana wake amesimama hatua tatu nyuma kama anayesubiri baruti. Springi ile ilikuwa inatetemeka ndani ya waya. Niliondoka nimelipa pesa yangu, na shokapu zilidumu miezi minne. Moja ikaanza kuvuja oili, ikashuka mpaka kwenye rimu.

Nilimweleza mume wangu kwa simu. Siku hiyo alikuwa Tunduma, anasubiri kuvuka. Akanunua shokapu mbili mpya, mauntingi mbili za juu, na linki za stebiliza. Pia akaazima kwa rafiki yake kibanio cha springi, vile vyuma viwili virefu vyenye ndoano na uzi. Vyote akavipakia kwenye Noah inayokuja Itumba, na mimi nikavifuata kwa bodaboda. Fedha ilikuwa ya ada ya muhula wa mtoto wetu mkubwa, tukakubaliana tutajua mbele ya safari. Kisha akaniambia, “Usiguse. Nikirudi nitafunga mwenyewe.”

“Unarudi lini?”

“Tukitoka Kasumbalesa salama, wiki tatu.”

Ilikuwa Ijumaa. Kliniki ilikuwa Alhamisi inayofuata. Anayejua foleni ya Kasumbalesa anajua kwamba wiki tatu ni maneno ya kumtuliza mke.

Usiku ule niliviweka vile vifaa chini ya taa ya sola nikavitazama. Baba yangu mzazi alikuwa na baiskeli tu. Mimi naweza kubadilisha tairi, kumwaga oili na kuweka mpya, kubadilisha plagi. Lakini springi iliyokunjwa naiogopa, na nadhani kila mwenye akili anaiogopa.

Binti yangu wa darasa la nne aliniona nimekaa hivyo akaenda kusema kwa babu yake. Wajukuu hawana mila ya kuogopa. Kwa babu ni kuingia na kutoka, na mzee mwenyewe humwita “mke wangu”. Asubuhi saa moja alirudi anakimbia. “Babu anasema kesho ni Jumapili, kwa hiyo ni leo. Anasema mwaga dizeli kwenye bolti zote saa hizi hizi ziloane. Anasema anakuja kukaa nyuma ya ua.”

Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba mzee anajua gari. Kwangu alikuwa kikohozi nyuma ya mabua, kofia ya sufi inayopita mbali. Mama mkwe ndiye aliyenieleza, akiwa anamenya viazi, kama anayetaja jambo dogo. Wakati reli ya TAZARA inajengwa, kati ya mwaka 1970 na 1975, mzee alikuwa kijana wa kubeba spana katika karakana ya malori ya ujenzi, na baadaye akawa fundi mjini Mbeya zaidi ya miaka 20. Miaka 12 nimeishi hatua 40 kutoka kwa fundi na nilikuwa natafuta mafundi mjini.

Ua wetu ni wa mabua na matete, umezunguka upande wa jikoni. Gari nililisogeza mpaka pua ikawa karibu na ua. Mzee akaja na kigoda chake akakaa upande wa pili, ametupa mgongo. Niliona kivuli tu kwenye mabua. Binti yangu akasimama kwenye mwanya, mguu mmoja huku, mguu mmoja kule.

“Mke wangu,” ilianza sauti, “mwambie mama yako aanze kwa kusukuma gari kwenye kona, aone.”

Nilikandamiza boneti upande wa kushoto kwa uzito wangu wote nikaachia. Gari likapanda, likashuka, likapanda, likashuka.

“Mara ngapi?”

“Mara nne, babu.”

“Shokapu nzima inapanda mara moja na kutulia. Hiyo imekufa. Mwambie springi ndiyo inayobeba gari. Shokapu kazi yake ni kuizuia springi isicheze. Ndani kuna oili inayopita kwenye matundu madogo, inakataa kwenda haraka. Oili ikiisha, tairi linaruka juu ya barabara, na tairi lililo hewani hata ukikanyaga breki, breki inashika nini?”

Nilisimama na spana mkononi. Nilikumbuka kona ya kushuka, mvua, wazee wawili ndani ya gari. Nilidhani kwa mwaka mzima nilikuwa navumilia kelele tu.

Kazi ya kwanza ilikuwa nyepesi. Legeza nati za tairi gari likiwa bado chini. Weka mawe nyuma ya matairi ya nyuma, mawe ya maana, siyo kokoto. Piga jeki, kisha usiamini jeki: weka gogo chini ya bodi, na tairi ulilolitoa lilaze chini ya gari pia, ili likianguka liangukie tairi na siyo mguu wa mtu. Mzee alisisitiza hilo la tairi mara mbili. Shokapu ya mbele ya Corolla imeshikwa chini na bolti mbili nene, na juu, ukifungua boneti, inashikwa na nati kwenye bodi. Kuna hozi ya breki imefungwa ubavuni mwake. Hiyo unaitoa kwanza. Kabla ya kulegeza zile bolti mbili za chini, alinitaka nikwangue alama kwa msumari kuzunguka vichwa vyake, ili nikirudisha zikae palepale, vinginevyo tairi litasimama limelala. Na nilipozitoa, nikaufunga mzigo wote wa breki kwa kamba usining’inie kwenye hozi wala kuvuta shafti.

Bolti ya pili ilikataa. Nilisimama juu ya spana, nikaruka. Binti yangu akacheka, babu yake akacheka nyuma ya ua, na mimi nikajikuta nacheka na baba mkwe wangu kwa mara ya kwanza, kila mmoja upande wake.

“Mwambie atie bomba kwenye spana, arefushe. Nguvu siyo mwili, ni urefu.”

Nikachomoa bomba la jembe bovu, nikalichomeka. Bolti ikalia, ikalegea.

Hapo ndipo mashine ya kusaga ya jirani ilipoanza. Jumamosi ni siku yake. Ile injini ya dizeli ikishawaka huku kwetu, hata kuku hawasikiani. Sauti ya mzee ikapotea. Niliona kivuli chake kinainua mkono, binti yangu akainamisha kichwa kwake, akanijia mbio.

“Babu anasema fungua nati za juu!”

Nikaenda kwenye boneti. Juu ya shokapu kulikuwa na nati tatu ndogo kwenye duara, zimeshika kutu, na katikati, chini ya kifuniko cha raba, nati moja kubwa, safi, inang’aa. Nati tatu zilionekana zitanisumbua. Ile moja kubwa ilionekana ndiyo yenyewe, ndiyo imeshika kitu kizima. Mantiki ya mtu asiyejua ni tamu sana. Nikaweka spana namba 17 kwenye ile ya katikati, nikavuta. Ikaanza kulegea vizuri kabisa, bila ubishi. Nikainama kuitazama vizuri, uso wangu juu yake.

Binti yangu alikuwa amesharudi mwanyani. Baadaye aliniambia babu alimuuliza, “Anafungua ipi?” naye akajibu, “Ile kubwa ya katikati.”

Nilisikia mabua yakivunjika.

“Toa mkono! Toa uso! Toa!”

Sauti ilikuwa nyuma ya sikio langu. Niliachia spana, ikaanguka ndani ya injini. Nikageuka, na baba mkwe wangu alikuwa amesimama mbele yangu, hatua moja, bila kofia, mabua kwenye nywele nyeupe, mkono wake umeshika bega langu na kunivuta nyuma. Ana macho ya kahawia iliyoiva sana. Nilikuwa sijui. Mume wangu ana macho yaleyale na sikuwa nimejua yametoka wapi.

Tulitazamana labda kwa muda wa kuhesabu hadi tano. Mashine ya kusaga iliendelea kunguruma. Kisha akatazama chini, na mimi nikapiga magoti pale kwenye tope, mikono usoni, kama ninavyotakiwa.

“Simama,” alisema. Aliniambia mimi. Hakupitia kwa mtoto. “Ungekufa. Simama tuirudishe.”

Kwa ambaye hajui, kama nilivyokuwa sijui: nati ya katikati ndiyo inayozuia springi iliyokunjwa. Nati tatu za pembeni zinashika tu shokapu kwenye bodi ya gari. Ukiitoa ile ya katikati kabla springi haijabanwa, na tairi likiwa limening’inia, nguvu yote iliyokandamizwa mle ndani inatoka kwa mara moja. Zilibaki nyuzi tatu au nne. Mzee aliikaza yeye mwenyewe, vidole vinamtetemeka, na nilisikia anahesabu mizunguko kwa Kindali.

Hakurudi nyuma ya ua. Alikaa kwenye gogo pembeni yangu, uso ameugeuzia mlimani, na akanifundisha kwa kuutazama mlima. Nati tatu zikatoka kwa taabu. Shokapu ikashuka nzima na springi yake, nzito kama mtoto wa mwaka. Akanionyesha pa kuweka ndoano za vibanio, kimoja huku na kimoja kule, vikitazamana sawasawa, vikishika mizunguko mingi ya springi kadiri inavyowezekana. Unakaza kimoja mizunguko miwili, unahamia kingine mizunguko miwili. Ukipendelea upande mmoja, springi inapinda na kuponyoka. Tulifanya hivyo karibu nusu saa. Hakuna aliyeongea. Springi ilipoacha kugusa sahani yake ya juu na kuweza kuzungushwa kwa mkono, ndipo alipokubali ile nati kubwa iguswe, na hata hapo alinihamisha nikae ubavuni, wala si mbele ya ncha yake.

Mauntingi ya zamani ilitoka vipande viwili. Raba yake ilikuwa imeachana na chuma. “Hiyo ndiyo gong’o yako,” alisema. Beringi ya juu ilikuwa na mchanga. Shokapu nzee niliisukuma kwa kidole ikazama, haikurudi. Ile mpya niliisimamisha, nikaikandamiza na kuivuta mara kadhaa kutoa hewa kama alivyoniagiza, na ilikuwa inabishana na mikono yangu kila njia. Sijawahi kufurahia kubishiwa namna ile.

Kurudisha ni kinyume cha kutoa, wanasema mafundi, na ni uongo kidogo, kwa sababu kuna kile kidato kwenye sahani ya chini ambapo mwisho wa springi lazima uketi. Nilikikosa. Mzee akagonga gogo kwa fimbo. Nikaanza upya.

Upande wa kulia alirudi nyuma ya ua. Alisimama tu, akachukua kofia yake mikononi mwa mjukuu, akapita kwenye mwanya alioubomoa, akakaa na kunipa mgongo. Nilifanya upande huo peke yangu. Sauti yake ilisikika mara mbili tu, na zote mbili alimuuliza mtoto kama mama yake amekula. Shokapu hubadilishwa mbili mbili, hata kama moja inaonekana ina uhai. Ukifunga mpya upande mmoja gari linavutana. Bushi za wishboni alizikagua akasema bado zina maisha, tusitupe pesa. Saa kumi jioni niliteremsha jeki, nikakaza nati za juu mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa miguu yake, nikakandamiza boneti. Likapanda mara moja. Likatulia.

Usiku binti yangu hakula. Alikuwa amekumbuka. Babu alimwambia “fungua nati tatu za juu, ya katikati asiiguse,” naye kwenye kelele alibeba nusu. Nilimkumbatia nikamwambia kosa si lake. Hakuniamini. Asubuhi mzee alimwita, akamwambia kitu ambacho hadi leo hawajanieleza, na akarudi anadai chai.

Sikujua itakuwaje kwa upande wa wakubwa. Mila haina kipengele cha springi. Baba mdogo wa mume wangu alikuja Jumapili baada ya ibada akasema mzee amenigusa bega, watu wameona, kuku apikwe na maneno yasemwe. Mama mkwe alimjibu kwamba kuku anaye, lakini angependa kujua hao watu walioona walikuwa wapi wakati bolti ya pili inakataa. Kuku alipikwa. Maneno yalisemwa kifupi. Mzee alisema, akiwa chumba cha pili, kwamba hakutoka kwa dharau, na mimi nikajibu, nikiwa jikoni, kwamba najua. Mume wangu nilipompigia alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekatika.

“Baba alikushika bega?”

“Alinishika.”

“Mimi hajawahi kunifundisha hata kubadilisha plagi,” alisema. Sikujua la kumjibu. Nadhani bado analifikiria huko barabarani.

Jumatatu niliomba ruhusa shuleni nikashuka hadi Tunduma kupima mwelekeo wa matairi, maana ukishafungua sehemu zile, alama ya msumari inasaidia lakini haitoshi. Kijana wa mashine akauliza nani kafunga. Nikamwambia mimi na baba mkwe wangu. Akacheka, akadhani namtania.

Alhamisi tulishuka Itumba. Nilifika mlangoni kwa mzee, nikageuza kioo kitazame dari kama kawaida, mama mkwe akaingia mbele, mzee akaingia nyuma. Tulivuka mfereji wa kwanza. Hakuna gong’o. Tukavuka wa pili. Nilikuwa nasikiliza pumzi yake na sikuisikia. Kwenye ile kona ya kushuka, ukungu umeziba, mzee akakohoa.

“Mwambie arudishe kioo mahali pake. Dereva asiyeona nyuma ataua watu.”

Mama mkwe alinitazama. “Anasema...”

“Nimesikia, mama.”

Nikakirudisha. Nilichokiona nyuma ni kofia ya sufi tu. Alikuwa ameishusha mpaka puani, mikono amekunja kifuani, kama mtu aliyelala.

“Na mwambie,” kofia ikaendelea, “nyuma kulia kuna kitu kinagonga kidogo. Jumamosi alete jeki.”